Pikipiki ya Mikate

Wengi wenu hapa Gatuanyaga mmeniona nikipita na pikipiki yangu kuukuu, sanduku la vifaa nyuma, na sanduku lenyewe limefungwa kwa mshipi wa suruali ya mwanamume. Maswali nimeyasikia. Wapo hata waliotaja mshipi ni wa nani, na wamekosea. Basi nitaisimulia safari yote, tangu tulipotoka hadi mshipi ulipopata kazi, ili midomo ipumzike.

Nilitoka kwa ajili ya Mumbi, mke wa Karanja mwenye kinu cha mahindi kule ng'ambo ya mto. Mimba yake ya kwanza ilitimia alfajiri moja. Karanja alikuja kuniita kwa baiskeli, nami nikachukua yangu, lakini mnaujua ule mchanga wa kuteremkia mtoni: pale baiskeli haipandwi, inasukumwa. Nilipofika jua lilikuwa limeshapanda, na mtoto hakulia. Mimi ni mkunga, nimesomeshwa na hospitali ya misheni na nimeona mengi, lakini kimya cha nyumba ile kilinikaa kifuani. Mumbi aliposhika mimba tena alikuja kupimwa. Alipomaliza kujifunga leso yake akaniuliza polepole, "Safari hii utafika, sista?"

Jioni hiyo nikaenda kwa Mjomba Njoroge.

Mjomba alikuwa dalali wa ng'ombe, anajulikana kutoka kwetu hadi Kilimambogo. Pikipiki hakuwahi kuipanda hata mara moja, lakini hakuna kitu cha kununuliwa ambacho hakuwa na ujuzi nacho, kwa maneno yake mwenyewe. "Ng'ombe ama pikipiki, anayeuza ni mtu yuleyule," aliniambia. "Wewe utaangalia mashini. Mimi nitaangalia mtu." Kuendesha nilikuwa nimejifunza kwenye uwanja wa misheni, kwa pikipiki ya dresa mmoja, mfunga vidonda mwenye subira, na kikapuni nilikuwa na kibali cha mwanafunzi pamoja na vibao viwili vyeupe vyenye ile herufi nyekundu inayowaonya watu wakae mbali.

Asubuhi ya safari tulishika njia ya Thika kwa miguu, vumbi likiwa bado limelala. Zilikuwa siku za mwishomwisho za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Masharti ya kutembea yalikuwa yamelegezwa, lakini Mjomba alibeba karatasi zake zote ndani ya koti, hata zile zilizokwisha kazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Njiani alinifundisha soko la ng'ombe, na mimi nilimsikiliza nusu, kwa kuwa nusu nyingine ya akili ilikuwa kwa Mumbi na tumbo lake lililokuwa likikua bila kunisubiri.

Thika tulifika kwenye gereji moja karibu na reli. Mwenyewe alikuwa ametuma neno kwamba ana pikipiki mbili, tuje baada ya chai ya saa nne, wala tusije mapema. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, tanki lake pana kama mgongo wa fahali. Mjomba aliizunguka mara tatu, akaipiga kofi kwenye kiti, akarudi nyuma kuitazama miguu. "Hii ndiyo ndume," alisema.

Nilipoitoa kwenye stendi yake ilianza kuniegemea, ikazidi kuniegemea, hadi kibarua mmoja akaacha gunia lake akaja kunisaidia.

"Mjomba, ikilala mchangani nani ataiinua?"

"Utaita watu."

"Alfajiri? Watu gani?"

Mjomba alikohoa, akaiacha ndume yake kwa huzuni. Hilo ndilo kosa la watu wetu wote wa ng'ombe, nami siwacheki sana: mnyama mkubwa huleta heshima zizini, hata kama hakamuliki.

Ya pili ilikuwa ndogo, injini ya cc mia moja na ishirini na tano, kama mafundi wanavyoupima ukubwa wake. Ilipakwa rangi nyekundu iliyokuwa bado inanuka. Fundi alipiga kiki mara moja tu, ikawaka, ikaimba vizuri. Moyo wangu ulifurahi, nakiri. Nilikuwa tayari nimeshajiona nayo. Lakini mkono una tabia yake. Mimi siku zote huanza na paji la uso la mgonjwa, basi ilipozimwa nikasogeza kiganja kwenye injini, nikakirudisha upesi. Kuwaka kwa dakika moja hakuleti joto la namna ile.

"Mjomba, hii ina homa."

Aliigusa naye, akauvuta mkono, na uso wake ukabadilika. Sokoni, wauzaji hulambisha fahali chumvi usiku kisha humnywesha maji asubuhi, ili mnunuzi akija alikute tumbo limejaa. Ndiyo sababu Mjomba hufika sokoni kabla ng'ombe hawajaenda mtoni. Alinivuta kando akasema kwa sauti ya chini, "Imenyweshwa."

Hatukugombana na mtu. Tulimwambia fundi tunakwenda kunywa chai. Tuliketi kwenye hoteli ndogo ya jirani, tukala maandazi, tukaongea na mwenye hoteli hadi chai ikapoa mara mbili. Tuliporudi injini nayo ilikuwa imepoa. Fundi alipiga kiki, akapiga tena, akavua koti. Wakaja wawili kuisukuma hadi mwisho wa barabara, na tulipoisikia ikikohoa, ilikuwa imefika mbali.

"Ni baridi tu, mama," fundi alisema akihema. "Ikishapata joto haina shida."

"Nakuamini," nilimjibu. "Lakini watu wangu huzaa asubuhi."

Nilitoka pale nimevunjika moyo. Mjomba alikuwa amefurahi kupita kiasi, kana kwamba tumenunua. Ni yeye aliyekumbuka mkate wa ile hoteli. Mwenye hoteli alikuwa amelalamika kwamba mikate sasa inamfikia kwa kuchelewa, maana mwokaji wa Ruiru, Bwana Karim, amenunua gari na bado analizoea, na pikipiki yake ya mikate ameiweka stoo. Mimi niliyasikia maneno hayo kama malalamiko. Mjomba aliyasikia kama habari za mnada.

Jioni tulishuka kwa basi Ruiru. Tulilala kwa muuguzi niliyesoma naye, ambaye mumewe alikuwa karani kwenye shamba la kahawa. Mjomba alikataa kutuma neno kwa mwokaji kwamba tunakuja. "Kesho tutaikuta haijaenda mtoni," alisema, akalala usingizi wa mtu mwenye mpango.

Alfajiri, Ruiru ilikuwa na ukungu, na harufu ya mikate ndiyo iliyotuonyesha njia. Bwana Karim alitoka akiwa na unga hadi kwenye nyusi. Mkewe, Mama Zarina, alikuwa akipanga mikate kwenye trei. Walishangaa kuona wateja wa pikipiki kabla ya wateja wa mkate, lakini walitupa chai, na taa, na wakatufungulia stoo.

Ilikuwa mbaya, sitawaficha. Rangi ilikuwa imebaki pale tu ambapo mkono haufiki. Kiti kilikuwa kimepasuka na kushonwa kwa uzi wa gunia. Nyuma yake kulikuwa na sanduku la mbao la mikate, limefungwa kwa kamba ya katani. Mjomba hakuitazama kabisa. Aliinama na taa akatazama sakafu chini yake, kwa kuwa ng'ombe mzima utamjua pale alipolala. Palikuwa na tone moja la oili, basi. Mimi niliweka kiganja kwenye injini, ikawa baridi kama mtungi.

"Piga mwenyewe, sista," Bwana Karim alisema. "Mimi nikipiga utasema inanijua."

Nilipiga kiki ya kwanza, ikanyamaza. Nilipiga ya pili, ikatoa moshi mdogo wa bluu, ikatulia, ikaanza kuhesabu taratibu bila kuruka. Kila alfajiri kwa miaka, mvua na ukungu, pikipiki ile ilikuwa imeamshwa baridi ili Thika ipate mkate. Hakuna aliyewahi kuingoja ipate joto.

Niliitoa uani, nikaikalia, miguu yote miwili ikafika chini. Nikailaza ubavu taratibu, nikaiinua peke yangu, na Mama Zarina akapiga makofi. Nikatikisa gurudumu la mbele, halikucheza. Nikavuta mnyororo, nikajaribu breki zote mbili. Bwana Karim alinionyesha namna ya kuchanganya oili na petroli, kisha akasema, "Gia ya pili ni kaidi, usiilazimishe, ibembeleze. Na taa hukonyeza ukipita kwenye mashimo."

Mjomba aliniambia kwa Kikuyu kwamba muuzaji anayekutajia kasoro mbili, ya tatu ni ndogo. Walipatana bei kwa heshima na kwa muda mrefu, kama inavyostahili.

Mama Zarina alikipapasa kiti. "Hii ndiyo ilikuwa saa yangu," alisema. "Ikiwaka, ninaamka. Sasa wewe utabeba nini?"

"Ninawafuata watoto, mama. Wanaozaliwa."

"Basi ni kazi ileile," alisema. "Vitu vya moto, na haviwezi kungoja."

Hapo ndipo Mjomba alipofanya la kwetu. Alifungua ile kamba ya katani, akaikunja vizuri, akamkabidhi mwokaji kwa mikono miwili. "Kwetu, bwana, kamba haiendi na ng'ombe. Muuzaji hubaki nayo, zizi lake lisikauke." Bwana Karim aliipokea, akamtazama mkewe, kisha akaitundika kwenye msumari juu ya tanuri. Ilikuwa desturi nzuri, na sisi wote tuliona fahari. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kamba ile ilikuwa ikifanya kazi gani pale.

Barabara ya kurudi Thika, nilitangulia mimi na vibao vyangu vya mwanafunzi. Nyuma yangu lilikuja gari la mikate, Bwana Karim kwenye usukani na Mjomba kando yake. Niliibembeleza gia ya pili, ikakubali. Kahawa ilikuwa imechanua pande zote mbili, malori ya mkonge yalinipita yakinipigia honi, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nivae sare mara ya kwanza. Niliimba, najua, kwa sababu nilimeza wadudu.

Karibu kuingia Thika, kwenye matuta, nilisikia pikipiki imekuwa nyepesi ghafla. Sanduku lilikuwa barabarani, limekaa wima kama abiria aliyeachwa. Gari lilisimama mbele yake. Bwana Karim alishuka akalitazama sanduku, akamtazama Mjomba, akaanza kucheka hadi akashika mlango.

"Mzee, turudi tuchukue kamba."

"Kamba ikibaki imebaki," Mjomba alisema, amekasirika kidogo. Alitazama huku na huku, barabara ikawa haina hata ugwe. Basi akavua mshipi wake, wa ngozi ya fahali aliyemjua yeye mwenyewe, akalifunga sanduku, akalikaza kwa goti. Mnapomkumbuka Mjomba akipita sokoni Thika siku ile, mkono mmoja mfukoni kama chifu, mjue haikuwa maringo. Alikuwa ameshika suruali.

Njia ya Gatuanyaga nilianguka mara moja, palepale kwenye mchanga wa mtoni, na mbuzi tu ndio waliona. Niliiinua peke yangu, nikapiga kiki, nikaendelea. Kila siku iliyofuata nilikwenda kujifunza pale, kuteremka na kupanda, hadi mchanga ukanizoea.

Mumbi hakuchelewa. Alfajiri moja Karanja aligonga mlango wangu, baiskeli yake imelala uani gurudumu likizunguka bado. Umande ulikuwa kwenye tanki. Nilipiga kiki ya kwanza, ikanyamaza, na nilipoinua mguu tena nilihisi macho ya Karanja mgongoni. Ya pili ikawaka. Mteremko wa mtoni ulikuwa mweupe kwa ukungu, taa ikanikonyeza kwenye mashimo yote, na nilipofika ng'ambo nilikuwa nimemwacha Karanja nyuma sana. Mumbi alikuwa ameshika nguzo ya nyumba. "Nimekusikia tangu mtoni," alisema, kisha tukaanza kazi.

Nilichojifunza katika safari ile nakiweka hapa kwa atakayefuata njia yangu: nunua unayoweza kuiinua, uifuate ikiwa baridi, umsikilize anayekutajia kasoro, na kabla ya kufungua kamba yoyote, tazama imeshika nini. Mshipi Mjomba ameudai mara nyingi. Mimi humwambia aende Ruiru akachukue kamba, naye hujibu kwamba haiwezekani, kwa hiyo tunaelewana.

Na asubuhi ile ya Mumbi, Karanja alifika na baiskeli yake jua likichomoza. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, kama alivyosimama ile mara ya kwanza, akisikiliza, na nilimwona ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

"Sista," aliita, "huyo anayelia ni nani?"

Mumbi ndiye aliyemjibu, kutoka kitandani. "Ni wako. Ingia umwone."