Nyati Jike wa Njia ya Tembo

Fulgensi wa Mkula alikuwa na miguu mirefu, mdomo mrefu zaidi, na mlima mzima kichwani. Watu wa bondeni, wale wa Idete na Kiberege, wanajua mpunga na samaki. Waingize msituni hatua mia tu, wanaanza kuita mama zao. Mtu wa Mkula mfunge macho, mzungushe mara saba, atatokea juu kwenye maporomoko na bado atakuomba tumbaku. Fulgensi ndiye aliyekuwa kinara wao, na kama hujasikia habari zake ni kwa sababu hujakaa na watu wa maana.

Mwaka wa pili baada ya vita vya Maji Maji alifika Mjerumani mmoja aliyetaka kupanda mlima. Hakutaka pembe, hakutaka utomvu wa mpira, hakutaka mtu wa kumfunga. Alitaka kupanda, atazame, ashuke. Wazee walilijadili jambo hilo siku mbili na hawakulielewa. Mtu mzima, mwenye viatu, anapanda mlima bila mzigo wala shida? Wakampa jina la Bwana Miwani, wakamsukumia Fulgensi.

Bwana Miwani alikuwa na daftari dogo. Kila njia nzuri aliiandika humo, pamoja na mahali pa kupumzika na mahali pa kunywa maji, ili Wajerumani wenzake waliochoshwa na joto la bomani wajue pa kutembea.

Na hilo daftari ndilo lililoleta kiwewe. Nyuma ya kilima cha pili kulikuwa na vibanda sita na mahindi ambayo hayakuandikwa popote. Watu waliokimbilia huko wakati wa vita walikuwa hawajashuka, kwa kuwa wa kwanza kushuka walifungwa kamba shingoni wakapelekwa kubeba mizigo, na hawakuonekana tena. Miongoni mwao alikuwepo mama mkwe wa Fulgensi, mama yake Digna. Jina lake hasa halitajwi hapa, maana Fulgensi mwenyewe hakulitamka hata siku moja. Kwa desturi ya kwao mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Wakikaribiana njiani, mama anakohoa, na mkwe anatoka njiani haraka, anageuza mgongo mpaka mwenzake apite.

Digna alimwambia mumewe huku akimfungia viazi vya safari:

"Baba Hilari, daftari la yule mtu likimpata mama yangu, usirudi hapa kutafuta ugali."

"Mke wangu, unajua unaongea na nani?"

"Na mtu aliyepotea njia ya kisimani siku ya harusi yake."

"Siku hiyo nilikuwa nimekunywa!"

"Utapita wapi?"

"Njia ya Kijito. Iko mbali nao kabisa. Wapelekee habari wasiwashe moto, na wasikanyage upande wa kijito."

Digna akaifikisha habari kama ilivyo.

Wakapanda. Askari wa Bwana Miwani alibaki chini kulinda kuku aliyekuwa tayari chunguni. Mbega waliwapigia kelele juu ya miti, na Fulgensi akawa anamtajia mgeni kila jiwe kana kwamba alilizaa yeye. Walipofika panapogawanyika njia, Bwana Miwani akasimama.

"Ile nyingine inakwenda wapi?"

"Ile Njia ya Tembo, Bwana. Mbaya."

"Juu yake bonde linaonekana?"

Hapo ndipo mdomo ulipomponza. Angesema halionekani, mambo yangeisha. Lakini mtu wa Mkula aulizwe kama mlima wake unaonyesha bonde, akatae?

"Bonde! Bwana, kule unauona mto Kilombero wote ulivyojikunja. Unauona moshi wa Ifakara, na ukikaza macho unaona na mboga wanayopika."

"Twende huko," akasema Bwana Miwani.

Fulgensi akajing'ata ulimi, maana njia hiyo ilipita karibu na vibanda, akajipa moyo kwamba kule juu wote wametulia. Hakujua jambo moja. Mama mkwe wake alikuwa na kikapu cha mbegu za mahindi za kumshushia bintiye, na mvua ilikuwa karibu. Alipoambiwa mkwe wake atapita kijitoni, alifanya kama mama mkwe yeyote mwenye heshima zake: akashika njia nyingine.

Juu ya kilima Bwana Miwani alivua kofia. Bonde lilikuwa limelala chini kote, kijani mpaka macho yanachoka, mto ukimeta katikati. Fulgensi akamkubali kidogo.

Ndipo kikohozi kikasikika kwenye kona ya mbele. Kh-hm. Kh-hm.

Fulgensi hakufikiri. Miguu ilifikiri. Aliruka kichakani kama panzi, akaanguka kifudifudi, ameipa njia mgongo. Bwana Miwani, kumwona kiongozi wake amepaa, naye akaruka. Tofauti ni kwamba Fulgensi aliangukia majani laini, mwenzake akaangukia upupu.

"Ni nini? Nini?" alilia Mjerumani, akijikuna shingo. "Miwani yangu!"

Miwani ilikuwa karibu na goti la Fulgensi. Akaikalia.

"Nyamaza, Bwana! Nyati!"

"Nyati anakohoa?"

"Huyu ni jike. Mzee sana."

Hatua zikapita polepole, za heshima. Yule mama, alipoona mgongo wa mkwe wake ukizama kichakani, alijitanda kaniki usoni na kutazama upande wa pili. Mpaka anakufa alishikilia kwamba hakuona Mjerumani yeyote. Hatua zilipokwisha kabisa, Fulgensi akainuka, na miwani ikapatikana kwa maajabu ya Mungu.

Bwana Miwani alishuka akijikuna na kuandika: Njia ya Kijito ni nzuri, Njia ya Tembo isipitwe, ina nyati mkali. Wajerumani wengine wakaja, na wote walipitia kijitoni wakitembea kwa adabu. Watu wa vibandani walishuka kwa wakati wao, mmoja mmoja, shingo zao zikiwa huru.

Yangeishia hapo kama Fulgensi angenyamaza. Lakini alikunywa pombe mahali fulani, akasimulia yote, pamoja na nyati. Kesho yake Digna alimpokea na mwiko.

"Umemwita mama yangu mnyama?"

"Nilimwokoa!"

"Peleka kuku wa kuomba radhi."

Fulgensi akatoa jogoo wake mkubwa, Digna akampeleka. Jioni jogoo alirudi mzima, ameshikwa miguu, pamoja na salamu za mama mkwe:

"Mwambie mkwe wangu nashukuru sana. Ila nyati hali kuku. Aje mwenyewe kunilimia shamba, anipe mgongo."

Akalima siku tatu, kinyumenyume.