Punda wa Kujaribia Kadi

Mama yangu mdogo ndiye anayepiga video upande wa wanawake katika harusi nyingi za Garissa. Upande huo mwanamume haingii. Wanawake wakishakuwa peke yao ukumbini hufungua mashungi, hucheza na kuimba buraanbur, mashairi yao ya ngoma, na kamera huchukua yote. Kwa hiyo video zile hazipelekwi studio ya mwanamume kuhaririwa, wala hazitumwi kwa mtandao. Anazihariri mwenyewe chumbani, pazia limeshushwa, kisha flashi hutoka mkononi mwake ikaingia mkononi mwa mama wa bibi harusi.

Wakati huo nilikuwa nimefikia kwake. Kabla ya hapo nilikuwa Habaswein nikipakia mbuzi kwenye malori, na kabla ya Habaswein, Liboi. Shule niliiachia darasa la saba. Sijui kukaa mahali pamoja, lakini nikikuta mashine imefunguliwa kifuniko, mimi hapo sipiti.

Kadi ya grafiki ya kompyuta yake, ile inayochora picha kwenye skrini, iliungua mchana mmoja wa joto, umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Ilikuwa mwanzo wa wiki. Ijumaa bibi harusi mmoja alikuwa anasafiri kumfuata mumewe ng'ambo, na mama yake alitaka binti apande ndege na harusi yake mkobani. Bila kadi, angeondoka mikono mitupu.

"Habaryar," mama mdogo aliniambia. Kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana kwa neno hilohilo. "Wewe unayejua mambo yote ya dunia isipokuwa kuoa, nenda ukanitafutie kadi."

Muuza kompyuta alikuwa mtu wa Mwingi, aliyekaa Garissa hadi akajifunza kuapa wallahi kwa kila bei. Aliniwekea kadi tatu juu ya meza. Watu wa kazi hiyo huziita kwa rangi za kampuni zake. Ya kijani ndiyo yenye jina. Kila mtu anaitaka, na bei yake inajua hivyo. Ile aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani kidogo. Ya nyekundu ilikuwa imetumika, kubwa, feni tatu, kumbukumbu mara mbili ya ile ya kijani, na bei ya chini. Ya bluu ilikuwa mpya, fupi kama kiganja, bado imo kwenye boksi lenye vumbi.

"Hiyo ya bluu achana nayo," alisema. "Kampuni yenyewe kwa kadi bado ni mtoto. Imekaa hapa mpaka panya wameizoea."

Niliwahi kuwaona wanunuzi wa ngamia wakisoma chapa ya moto shingoni mwa mnyama kabla hawajamtazama kiwele. Chapa hukuambia ametoka kwenye kundi la nani. Maziwa ni habari nyingine. Mimi niliruka chapa nikaenda kwenye unene: nikaipenda nyekundu.

"Leta kazi yako tuijaribu," akasema.

"Kazi siwezi kuileta. Hata mimi mwenyewe sijaiona."

Akanitazama. Nikamweleza. Akacheka, akaniuliza nina nini kwenye simu. Nilikuwa na video ya mbuzi wa soko la mifugo. Tukawacheza mbuzi kwenye ile nyekundu, wakapita laini kama maji. Nikalipa.

Jioni hiyo niliifunga kwenye kompyuta yake, nikatoka, pazia likashuka. Nikakaa sebuleni kwenye mkeka nikisikiliza. Ngoma ilianza vizuri, ikakwama, ikaruka, ikakwama.

"Sauti inakimbia," mama mdogo alisema kutoka ndani. "Watu wamesimama. Mmoja mguu wake uko juu, haushuki."

"Rangi ziko sawa?"

"Rangi zake wewe zinakuhusu nini?"

"Nauliza kadi, si mwanamke. Nionyeshe kipande kidogo tu. Hata cha ukuta."

"Ukutani wamekaa wanawake."

Ikabidi anisomee menyu ya kamera kwa sauti, neno baada ya neno, nami nikitafuta kila neno kwenye simu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba kamera yake huhifadhi rangi nyingi kuliko simu yangu, kisha huzibana kwa namna ambayo si kila kadi ina sehemu ya kuifungua. Ukubwa wa kumbukumbu na wingi wa feni haviingii hapo. Mbuzi wa simu hawakubanwa vile, ndiyo maana walipita.

Nilisoma hivyo mara mbili, kisha nikamwambia kupitia pazia kwamba duka linahitaji video ya kamera ileile, yenye kitu chochote kisicho na heshima ya kulindwa.

"Asubuhi punda wa maji akija," alisema, "nitampiga."

Asubuhi alisimama mlangoni na kamera yake ya harusi akamrekodi punda aliyekokota mapipa, mbele na nyuma, kwa utulivu uleule ambao nadhani huwapa mabibi harusi. Mwenye punda aliuliza kama kuna mahari. Nikaichukua video kwenye flashi nikarudi dukani.

"Jana mbuzi, leo punda," yule mtu wa Mwingi alisema. "Kesho utaniletea ngamia hapa kaunta."

Kwenye nyekundu, sikio la punda lilisimama hewani huku sauti yake ikiendelea kulia. Kwenye kijani ikawa hivyohivyo. Kwa hasira zaidi kuliko imani, akafungua boksi la bluu. Punda alitoka upande mmoja wa skrini, akatikisa mapipa yake, akaenda hadi upande wa pili, bila kukwama.

Tulimtazama akipita tena.

"Wallahi," akasema, "huyu mtoto anaona."

Nyekundu aliikubali irudi, akikata pesa kidogo, huku akilalamika kwamba haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa mimi. Hakukosea sana.

Nilipomaliza kuifunga bluu nilirudi mkekani. Ngoma ikaanza, mwanamke mmoja akaimba beti, wengine wakapokea, makofi yakafuata. Hakuna kilichoruka. Nikasikia tu kipanya cha mama mdogo kikibofya, kikibofya, mpaka adhana.

Alhamisi mama wa bibi harusi alikuja, akaingia chumbani, akatoka akiwa ameshika kitu kidogo kwenye ncha ya shungi. Alinisalimia, akapita.

Wiki iliyofuata nilipata lori la kwenda Hadado. Kadi ile bado inafanya kazi, nasikia, na wenye studio mjini sasa huulizia ya bluu. Mimi ndiye niliyeichagua, na kitu pekee nilichowahi kukiona ikikionyesha ni punda.