Aliyetafuta Kanu

Mtafiti niliyekuwa dereva wake alitembea msituni kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Kila asubuhi alipiga magoti njiani, akaukagua mchanga akitafuta nyayo za kanu, yule mnyama mdogo wa madoadoa anayewinda panya usiku na kuzalia kwenye matundu ya miti. Miezi kumi na moja hakupata hata unyayo mmoja. "Labda kesho, kaka," aliniambia, kila siku kwa sauti ya chini zaidi.

Jumatatu moja mchoma mkaa alitujia mbio na gunia, uso umemchangamka. "Dada, si ndiye huyu unayemtafuta?" Kanu alikuwa amekufa, mwili ungali na joto. Mtafiti alimshukuru, akampima mkia, akahesabu pete nyeusi za manyoya yake. Kisha vidole vikasita tumboni: chuchu zilikuwa zimejaa maziwa.

"Umemtoa wapi?"

"Kwenye tanuri letu. Jana tuliangusha mti mkubwa, leo tumeufukia udongo na kuuwasha. Tangu asubuhi analizunguka, ukimfukuza anarudi, mwisho nikampiga rungu nikuletee."

Mtafiti alikimbia kuufuata moshi. Nilipomfikia alikuwa akifukua udongo wa moto kwa mikono mitupu, na nilishindwa kumwondoa.