Moto wa Nyumba ya Baba Mkubwa

Jirani yangu hapa mjini amechoma majani makavu ya mgomba, na harufu imenikuta dirishani.

Kijiji chetu kilikuwa migongo miwili ya mlima, korongo katikati: huku sisi, kule wa ng'ambo. Kahawa ilikuwa hailipi tena, na vijana walishuka mmoja mmoja kwenda kutafuta maisha. Baba mkubwa alikwenda Himo kufanya biashara, akajenga kwetu nyumba ya matofali aliyolala wakati wa Krismasi tu. Kila jioni bibi alinituma nikawashe moto katika jiko la nje la nyumba hiyo.

"Lakini bibi, hakuna mtu."

"Washa tu. Wa ng'ambo wasipoona moshi watasema huku tumekwisha."

Moshi wao ulipanda mwingi juu ya migomba. Nilidhani kule kumejaa watoto, nikawaonea wivu.

Siku moja bibi alinituma ng'ambo kuazima shoka. Geti la kwanza lilikuwa na kufuli, la pili vilevile. Nyuma ya nyumba ya tatu nilimkuta mzee amechuchumaa, anapuliza moto wa majani ya mgomba.

"Shikamoo babu. Wenyewe wako wapi?"

"Marahaba. Wako Dar." Akakohoa, akatazama upande wetu. "Ninyi bado mko wengi, eh? Kila jioni naona moshi."

"Tumejaa, babu," nikamjibu, nikalisahau shoka, nikashuka korongoni mbio niwahi kuwasha moto wetu.