Siku Niliyojifanya Pasta Mbele ya Pasta

Kosa langu la kwanza lilikuwa neno moja dogo, "eeh," nililomjibu dada yangu jikoni huku nikipiga shati pasi, na kama ningelimeza neno hilo, leo Wakenya wa Doha, hata wale ambao sijawahi kukutana nao, wasingekuwa wananiita Pasta. Naona aibu kuandika haya. Nimeyaandika na kuyafuta mara nyingi (mimi ni mtu wa kufuta, nikiona sentensi imepinda kidogo sipati usingizi), lakini safari hii nitayaacha yalivyo.

Nilikuwa nimemaliza chuo Nairobi, diploma ya maendeleo ya jamii, na dada Naomi, ambaye ni nesi hapa Doha na ndiye aliyenilea tangu mama afariki, akaniita nije nikae naye Umm Salal, nje kidogo ya mji, "tuone kama kazi itapatikana." Hiyo "tuone" yake haikuwa ya mchezo. Aliongea na walinzi, aliongea na madereva, aliongea na wanawake wanaofanya kazi za hoteli, mpaka nilipotua nilikuta watu wananijua kwa jina na wananiuliza kama naweza kufanya shifti za usiku.

Mimi nami nilikuwa na langu moyoni. Kabla ya kupanda ndege nilikuwa nimeomba nafasi kwenye mpango wa serikali wa vijana waliotoka chuo, ule wa kutumikia jamii mwaka mzima popote nchini Kenya. Niliitaka nafasi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliomba maktaba moja ndogo huko Kitui yenye kompyuta ambazo hazijawahi kutolewa kwenye maboksi kwa sababu hakuna wa kuziwasha, na mimi kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kuvunja za watu na kuzirudisha, nikajiona kabisa nikizipanga mezani na watoto wamejaa mlangoni. Kisha ujumbe ukaja: umechaguliwa, Ijumaa kabla ya saa sita tutakupigia simu kuthibitisha, asiyethibitisha nafasi yake inapewa mwingine.

Sasa utamwambiaje mtu aliyekutafutia kazi mji mzima kwamba unataka kurudi nyumbani, mwaka mzima, kwa posho ya kula? Nilijaribu. Nilisimama mlangoni kwa dada nikiwa na sentensi niliyoitengeneza vizuri kabisa, nikamkuta ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto baada ya shifti, nikarudi chumbani. Kesho yake vilevile. Kila nikichelewa, hofu inaongezeka, na kila hofu ikiongezeka, sentensi inaonekana bado haijakaa sawa.

Ndipo Alhamisi jioni akanikuta napiga pasi shati jeupe huku nikijisemea, "Ndiyo madam, niko tayari kabisa."

"Manu, una interview?"

"Eeh."

"Ya kazi?"

"Eeh."

"Wee! Na ulikuwa unaninyamazia!" Akanikumbatia na pasi ikiwa mkononi mwangu.

Ingeishia hapo nisingekuwa na mkasa. Lakini asubuhi ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku, siku ya mapumziko, kwa hiyo ushirika wetu hukutana kwenye sebule ya villa moja ya kukodi, viti vya plastiki, zulia la mwenye nyumba ambalo tumekatazwa hata kulimwagia maji. Nairobi nao Ijumaa ni siku ya kazi kama kawaida. Nilijua kabisa simu itaniingilia kwenye ibada. Mpango wangu ulikuwa ni kutoroka kimyakimya baada ya nyimbo, nisimame nyuma ya tangi la maji, nithibitishe, nirudi nikiwa mtu huru.

Shida ni kwamba mimi ndiye fundi wa sauti wa ushirika. Hakuna aliyenifundisha, nilianza tu kwa kusumbuliwa na mlio fulani wa spika ambao wengine hata hawausikii. Na siku hiyo mpiga kinanda alipangiwa zamu kazini, kwa hiyo muziki wote, hata ule wa polepole unaopita chini ya maombi, ulikuwa unatoka kwenye simu yangu, umeunganishwa kwa Bluetooth na spika mbili kubwa ambazo nilizipima mara nyingi mpaka nikahakikisha hazitakatika hata kidogo. (Hazikukatika. Ni kazi nzuri, nakubali mwenyewe.)

Nyimbo zilipokwisha nikaanza kunyanyuka. Pasta akaniwahi. Pasta wetu wiki nzima ni dereva wa teksi, na ana macho ya kuona abiria hata kabla hajanyoosha mkono.

"Kijana wetu Emmanuel, usiondoke! Dada Naomi ametuambia leo una interview ya kazi hapa Doha. Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Njoo mbele tukuwekee mikono."

Nilimtazama dada. Alikuwa amevaa kile kitenge cha Krismasi. Nikaenda mbele, kwa sababu miguu yangu haijui kukataa, nikapiga magoti, na mikono ikanishukia: mkono wa Pasta begani, mkono wa dada mgongoni, na juu ya kichwa changu kiganja cha Auntie Betty, Mganda mmoja anayepika kwenye nyumba ya Waarabu, kiganja kizito kama sufuria iliyojaa. Muziki wa polepole unapita. Watu wanaomba kwa sauti nifunguliwe milango ya Qatar, nisirudi nyumbani mikono mitupu, na mimi chini ya mikono hiyo naomba kitu kimoja tu, simu isiite.

Ikaita.

Ilipita kwenye spika zote mbili, safi, bila mkwaruzo. Oti, mlinzi wa hoteli niliyemwachia meza ya sauti, aliitazama simu akapiga kelele, "Buda, ni namba ya Kenya!"

"Pokea!" akasema Auntie Betty bila kuninyanyulia kiganja. "Mungu amejibu na hatujafika hata amina!"

Oti akapokea. Nafikiri alidhani ananisaidia. Akaja mbio akaniwekea simu mdomoni, na sauti ya mwanamke ikajaa sebule nzima, kubwa kuliko ya Pasta.

"Hallo, naongea na Emmanuel Mutiso Kilonzo?"

"Ndiyo madam," nikasema. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi sana, ilitoka yenyewe.

"Hongera Emmanuel. Umepata mwaka wako wa kutumikia jamii, kule maktaba ya Kitui ulikoomba. Nathibitisha tu mambo mawili. Bado unataka? Na dada yako Naomi, ambaye ulituambia ndiye familia yako, anajua na amekubali urudi?"

Mkono wa mgongoni ukaondoka. Sikugeuka. Huhitaji kugeuka, mgongo unahisi baridi palepale ulipokuwa mkono. Nikaona njia mbili tu: nikisema amekubali nadanganya na yeye amesimama hapo, nikisema hajui naipoteza Kitui. Kichwa changu, hiki kinachopanga kila kitu, kikatafuta njia ya tatu, na nawaapia sijui ilikotoka.

"Samahani madam, Emmanuel ametoka kidogo."

"Si umeitika sasa hivi?"

"Hapana, huyo... amepita tu."

"Na wewe ni nani?"

Mbele yangu, karibu kabisa na pua yangu, kulikuwa na viatu vya Pasta.

"Mimi ni Pasta," nikasema.

"Oh! Samahani Pasta. Basi mwambie tumempigia, na kwa kuwa hayupo itabidi tumpe anayefuata, leo ndiyo mwisho. Na utuombee Pasta, kazi ni nyingi huku."

"Mungu awabariki," nikasema (ningesema nini?), na nusu ya sebule, kwa mazoea, ikaitika kwa nguvu, "Amina!"

Simu ikakatika na muziki wa polepole ukarudi.

Wa kwanza kusema alikuwa Pasta mwenyewe, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi: "Kijana, umesimikwa lini?" Kicheko kikaanzia viti vya nyuma. Mimi nikawaza kitu kimoja, nizime ule muziki, angalau kitu kimoja kiwe sawa, nikaruka kuelekea mezani, mguu ukanasa kwenye waya, spika ikayumba, ikaangukia meza ya chai. Thermos zote. Chai ya maziwa, yenye tangawizi, kwenye zulia la mwenye nyumba na kwenye shati langu jeupe. "Jamani Pasta anabatiza!" akasema Oti, na hapo hata waliokuwa wamejizuia wakaachilia.

Dada hakucheka. Nilipoinuka nikiwa na thermos mkononi, kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilimkuta nje, kwenye kale kakivuli ka ukuta, jua limepiga mpaka ardhi inaunguza kupitia soli. Niliogopa kumkaribia. Sijawahi kumwogopa dada namna ile, hata nilipokuwa mdogo.

"Dada, nilitaka kukwambia."

"Lini? Ukishafika Kitui?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo." Alikuwa anafuta macho kwa pindo la kitenge, kwa hasira, kama mtu anayefuta meza. "Ningekataa kwa mdomo wangu, nyumbani kwangu, halafu tungegombana, halafu labda ningekubali. Hukunipa hata nafasi ya kukataa, Manu. Nimelisikia jina langu kwenye spika pamoja na watu wote. Na ulivyojikana pale mbele! Mimi nitawaambia nini hao watu niliowaomba kazi yako?"

Sentensi zote nilizotengeneza wiki nzima hazikufaa hata moja.

Siku zilizofuata ndizo zilizonitisha kweli. Jumamosi ofisi ya Nairobi imefungwa. Jumapili huku kila mtu kazini na huko bado wamefunga, na dada anatoka na kurudi, ananiwekea chakula mezani na kuingia chumbani kwake. Nilikaa nikisikiliza lifti ikipanda, nikijiambia nimepoteza Kitui na dada kwa dakika ileile. Jumatatu asubuhi alirudi kutoka shifti ya usiku, akavuta kiti, akakaa mbele yangu na viatu vyake vya kazi.

"Piga simu. Na uiweke nisikie."

Nikapiga. Yule mwanamke alinitambua kabla sijamaliza jina. "Wewe si ndiye Pasta?" Nikasikia anawaita wenzake, "Njooni, ni yeye!" na ofisi nzima ya serikali ikanicheka kutoka Nairobi. Nikakiri kila kitu. Alipomaliza kucheka akaniambia Kitui imeshachukuliwa na msichana aliyenifuata. Iliyobaki ilikuwa moja, Turkana, kuchimba mitaro na kupanda miche, imekataliwa na wengi.

"Naitaka," nikasema.

"Na dada yako?"

Naomi akaivuta simu mkononi mwangu. "Mimi ndiye dada. Sijafurahi, madam, na ukiandika uandike hivyo, dada hajafurahi. Lakini ameambiwa, na hajamkataza." Akanirudishia simu, akaenda kulala bila kuvua viatu.

Naondoka mwisho wa mwezi. Sijawahi kushika jembe kwa zaidi ya asubuhi moja, naogopa jua, naogopa nyoka, naogopa kufanya vibaya mbele ya watu nisiowajua. Hofu haijapungua hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba dada anazijua zote, kwa sababu nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikamtajia moja baada ya nyingine, na zile alizoona za kijinga aliniambia ni za kijinga.