Majalada Ishirini na Mawili ya Mama Nukta

Umepita pale. Usikatae. Umepita mara mia ukienda kulipia umeme, ukaona mlango wa chini wa maktaba uko wazi na mwanamke ameinamia karatasi, ukageuza uso kama umemwona mtu anayeuza bima. Ukajiambia, mambo ya wasomi hayo, hayanihusu ndewe wala sikio.

Leo simama kidogo utazame.

Saa mbili na robo asubuhi. Mwanamke huyo, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, anachukua karatasi ya kwanza kwa ncha za vidole na kuisogeza dirishani. Anaiinamisha ili mwanga uipige kwa ubavu. Wino umefifia hadi rangi ya chai iliyoongezwa maji mara tatu, lakini mashine ya chapa iliyoiandika iliiuma karatasi, na alama za meno yake bado zipo. Mwanga wa ubavuni unazifufua. Picha ya simu haizioni, na mashine ya kunakili inatoa ukurasa mweupe.

“Nimejaribu kila kitu,” anasema, bila kuondoa macho. “Mwisho wa yote ni jicho na subira.”

Anaweka karatasi kwenye kishikizo cha waya alichotengenezewa na mumewe. Anaanza kuchapa.

Wenzake kazini wanamwita Mama Nukta. Anachokichapa ni beti za Kisanskriti, lugha kongwe ya Bara Hindi, zilizonakiliwa na karani mmoja wa zamani kwa herufi hizi hizi unazosoma sasa, kwa sababu mashine yake haikuwa na nyingine. Sauti ambazo herufi zetu hazina, karani aliziwekea nukta kwa penseli, juu au chini ya herufi. Kazi ya Mama Nukta ni kuzirudisha beti hizo kwenye Devanagari, maandishi yake yenyewe, yale ambayo herufi zake zinaning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba.

“Ugomvi wangu mkubwa ni inzi,” anasema. “Miaka sitini wamekuwa wakitua juu ya karatasi hizi na kuacha nukta zao. Mwanzoni nilikuwa naheshimu nukta zote. Siku hizi nakwaruza kwanza kwa ukucha. Ya penseli inapaka, ya inzi inabanduka.”

Majalada yako arobaini na sita. Kwa miaka tisa amemaliza kumi na tisa. Yaliyobaki yamepangiwa kusagwa mwisho wa mwezi huu, na hapo ndipo wewe unapoingia, upende usipende.

Hakuja maktabani kuwa bingwa wa lugha. Alikuja kufagia. Alikuwa na cheti cha kuchapa alichokipata kabla ya kuolewa, na mkutubi wa zamani, aliyekwisha kustaafu, alimkuta siku moja amesimama na ufagio mkononi akisoma migongo ya majalada.

“Akaniuliza, unaelewa? Nikamwambia, sielewi, ndiyo maana natazama.”

Mkutubi huyo alimpa kompyuta iliyokuwa inasubiri kutupwa, na akamtambulisha kwa mjane mmoja ambaye sasa ana miaka sabini na mitano, muuza vitambaa wa mtaa wa nyuma, aliyefundishwa Devanagari na nyanya yake kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Muuza vitambaa ndiye aliyekuwa akiomba kwa muda mrefu beti hizo ziandikwe upya. Alikuwa amezijaribu kwa herufi za karani, zikamshinda.

“Nilizisoma kama mtu anayetafuna mchanga,” anasema Bibi, kwani ndivyo Mama Nukta anavyomwita. “Lugha yangu kwa herufi zile ni kama picha ya mwanangu iliyochorwa na polisi. Pua ipo, masikio yapo, lakini mwanangu simwoni.”

Bibi alimwazima kitabu cha watoto cha kujifunzia herufi. Mama Nukta alikimaliza kwa miezi minne, akifanya mazoezi kwenye vumbi la rafu kabla ya kulifuta.

Mpaka leo katika orodha ya vyeo vya maktaba hakuna cheo kinachofanana na kazi yake. Kwa hiyo anaendelea kulipwa kwa siku, kwa kiwango cha mfagizi, na kila asubuhi kabla ya saa mbili hufagia kweli, korido mbili na ngazi, ndipo aketi. Hili nalo wakubwa wanalijua.

Chombo chake ni kihariri matini, programu ya kuandikia isiyo na mbwembwe, haina rangi wala mapambo. Anachapa ukurasa jinsi karani alivyouchapa. Kisha anaita orodha ya amri aliyoitunga mwenyewe, mistari mia moja thelathini na saba, na kila mstari unasema jambo moja tu: tafuta hiki, weka kile.

“Siri ni kumtanguliza mkubwa,” anaeleza, akipitisha kidole kwenye kioo chenye ufa. “Kuna sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili za Kirumi, k na h pamoja. Ukianza na k peke yake, umemkata mkubwa kichwa, na h inabaki inashangaa barabarani. Niliwahi kuvuruga kazi ya wiki sita hivyo. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi.”

Anabonyeza. Ukurasa mzima unapepesuka mara moja, na herufi za Kirumi zinatoweka kama kuku waliomwona mwewe. Mahali pake pamejaa mistari ya kamba na nguo zake. Hata baada ya miaka tisa, anaegemea nyuma kutazama.

Na mara chache, katikati ya usafi huo, hubaki herufi moja moja ya Kirumi iliyogoma kubadilika. Hapa f, pale z, kule w. Kisanskriti hakina sauti hizo, kwa hiyo orodha yake haina amri ya kuzihudumia. Kwa miaka saba Mama Nukta aliamini ni makosa ya karani, kidole kilichoteleza. Alikuwa akizifuta, mojamoja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Jumatano moja, miaka miwili iliyopita, Bibi alikuja kusahihisha jalada la kumi na tano. Yeye husahihisha kwa sauti, kwa mahadhi aliyofundishwa na nyanya yake, huku akigonga meza kwa kidole. Akasoma ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaingia wa nne kwa mahadhi yaleyale, sauti imepanda:

“Mgongo unauma tangu jana, utepe umekatika, nimeomba...”

Kidole kikaacha kugonga. Wakatazamana.

“Mwanangu,” akasema Bibi, “hiki si Kisanskriti.”

“Rudia, Bibi.”

“Nirudie nini? Nimekwambia mgongo unauma. Wangu nao unauma, lakini sikuuandika mimi.”

Walicheka mpaka mlinzi akashuka kutazama. Kicheko kilipokwisha, Mama Nukta alirudi kwenye karatasi ya karani. Yalikuwa pale pale, yamechapwa katikati ya ubeti bila nafasi wala kituo, maneno yameshikana mkia kwa mkia jinsi maneno ya Kisanskriti yanavyoshikana. Mchapaji mzuri hasomi. Macho yanaingiza, vidole vinatoa. Yeye aliyapitisha, na kihariri kikayavika nguo za wenyewe. Ingekuwa kwa macho tu, yasingeonekana kamwe. Yalisubiri mtu mwenye sauti.

“Alikuwa anamficha mkubwa wake,” anasema Bibi. “Mkubwa akipitisha macho juu ya karatasi anaona mkorogo uleule. Mjanja yule.”

Ndipo Mama Nukta alipozikumbuka zile f, z na w. Hayakuwa makosa. Kila moja ilikuwa mlango wa sentensi ya karani, naye kwa miaka saba alikuwa ameng'oa milango ya majalada mazima na kuitupa.

“Sikulala vizuri siku kadhaa,” anasema. “Nilijiona kama mtu aliyefua shati la marehemu na barua ikiwa mfukoni.”

Alirudi nyuma. Ukurasa kwa ukurasa, jalada la kwanza hadi la kumi na nne, akiamuru kihariri kitafute herufi hizo tatu tu katika kurasa alizokuwa hajazisafisha, na kwa zile alizozisafisha akarudi kwenye karatasi, dirishani, kwa mwanga wa ubavu. Ilimchukua miezi mitano. Amepata sentensi sitini na tatu.

Karani anazungumza humo. Alichapa wakati wa mapumziko ya mchana kwa miaka kumi na moja. “Mkuu kapita hajaona kitu.” “Mtoto kazaliwa, wa kike, nimerudi kazini saa nane.” “Ubeti huu sijauelewa, wewe utakayekuja labda utauelewa.” Kwenye jalada la tisa analalamikia viatu.

Kisha Mama Nukta akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliruka foleni. Alifungua jalada la mwisho, la arobaini na sita, akatafuta mstari wa mwisho. Hapo karani hakuficha kitu. Aliacha nafasi kati ya maneno, kama mtu asiyejali tena nani anasoma. Aliandika kwamba kitabu alichonakili, kilichoandikwa kwa mkono, kilirudishwa kwa mwenyewe, na kwamba wiki hiyo nyumba ya mwenyewe imeungua na kila kilichokuwamo. “Sasa yamebaki haya yangu tu.”

Haya yake ndiyo yanayosubiri kusagwa.

Na ni nini hasa kilichomo? Bibi anakuhesabia kwa vidole. Jalada la kumi na moja linaeleza jinsi ya kutambua maji chini ya ardhi kwa kutazama miti na vichuguu. La kumi na nne, magonjwa ya kwato za ng'ombe. La kumi na tisa linauliza kwa nini kisima kimoja kitoe maji ya chumvi na cha jirani kitoe matamu, halafu karatasi zinakwisha.

“Jibu liko kwenye la ishirini,” anasema Bibi. “Mimi nina miaka sabini na mitano. Mwambie anayetaka kusaga anipe kwanza jibu.”

Anayetaka kusaga ni kanuni, na kanuni haina masikio. Inasema hivi: jalada lolote ambalo halijaombwa na msomaji kwa miaka mitano linaondolewa kwenye rafu. Yale kumi na tisa yamepona kwa saini za Bibi, aliyeyaomba ili ayasahihishe. Na saini ya mfanyakazi haihesabiwi.

Soma tena hapo. Mwanamke aliyeyafungua majalada haya mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, katika daftari la maktaba hajawahi kuyagusa.

Mkutubi mkuu wa sasa ni kijana mpole anayezungumza akitazama meza. “Dada, mimi sikuiandika,” alimwambia Mama Nukta mbele ya wengine. “Kamati imesema nafasi inahitajika. Yakiombwa, nitayaacha. Kadi moja, jalada moja kwa mwezi. Zaidi ya hapo nitafukuzwa.”

Wenye kumbukumbu hawajasahau kamati ya aina hiyo iliposaga daftari za mipaka ya viwanja, ikasema ni makaratasi. Watu walipita, wakatazama pembeni. Leo wanaburuzana mahakamani kwa upana wa futi mbili, na hakuna mwenye karatasi.

Mama Nukta hakungoja. Bibi alikuwa wa kwanza kujaza fomu, akachukua la ishirini. Wa pili ni mume wa Mama Nukta, fundi wa kuchomelea, ambaye hajawahi kuwa na kadi ya maktaba maishani.

“Fomu inauliza, sababu ya kuomba,” anasimulia fundi. “Nikamuuliza karani wa mapokezi, niandike nini? Akasema, andika ukweli. Nikaandika: mke wangu hanisemeshi mpaka nisaini.”

“Muongo,” anasema Mama Nukta. “Nilikuwa nakusemesha. Nilikuwa nasema jambo moja tu.”

“Sasa, mama watoto, si ndiyo hiyo hiyo?”

Alitoka na jalada lake, la ishirini na moja, hadi kwenye meza ya wasomaji, akalifungua, akakaa nalo saa nzima kwa adabu, mikono yake yenye makovu ya cheche imewekwa magotini asije akaichafua karatasi. Kesho yake aliwaleta vijana wawili wa karakana yake. Binti yao mkubwa akawa wa tano.

Watano wameokoa la ishirini hadi la ishirini na nne. Yamebaki majalada ishirini na mawili. Zimebaki siku tisa.

Mama Nukta amepiga hesabu ya macho yake pia. Miwani hii ni ya tatu, na daktari amemwambia aanze kupumzika mchana. Akipata majalada yote, anahitaji miaka kumi na mitatu. “Nitakuwa na hamsini na saba,” anasema. “Si mbaya. Bibi ameniahidi kuwa hai.”

“Sikuahidi,” anasema Bibi. “Nilisema nitajitahidi.”

Anataka kuvichapisha vitabu viwili kwa pamoja: beti kwa herufi zake, na pembeni sentensi za karani kwa Kiswahili, kila moja mahali alipoiacha. Anataka pia kumfundisha mtu orodha yake ya mistari mia moja thelathini na saba, kabla ufa wa kioo haujafika upande wa pili. Lakini huwezi kubadilisha karatasi iliyokwisha kuwa uji.

Basi wewe uliyekuwa ukipita. Maktaba inafunguliwa saa mbili asubuhi. Beba kitambulisho. Kadi ni bure na hutolewa hapo hapo. Omba jalada lolote kati ya la ishirini na tano na la arobaini na sita, moja tu, na mpeleke jirani yako akaombe lingine. Kalamu iko mezani, imefungwa kwa uzi. Hutakiwi kujua kusoma kilichomo. Unatakiwa kuandika jina lako. Usiseme wiki ijayo, nenda kesho.