Debe mbili za karanga za harusi yangu, na mizani ya duka la kijiji

Wakuu, kwema humu?

Nimeona kule jukwaa la mapishi vijana wanavutana kikombe cha ufuta kina gramu ngapi. Nimecheka peke yangu kama chizi. Ngoja niwape yaliyonikuta, na chumvi siongezi.

Ni enzi za ujamaa. Mimi binti wa Kinole, naolewa na kijana wa Mzumbe. Nyama ya kulisha ukoo mzima utaitoa wapi? Mama akaamua: wali na kisamvu cha karanga.

Sasa karanga kwetu mlimani si zao letu. Mama akamwagiza mdogo wake, mjomba Yohana wa Gairo, debe mbili.

Hesabu ya mama ilikuwa moja tu: debe ni debe. La mahindi, la maharage, la karanga, yote kwake uzito mmoja. Mbishi huyo, usimwambie kitu.

Siku moja kabla ya harusi mjomba akafika, kachoka, debe zimebebwa toka barabarani. Kufunua, karanga za maganda!

Wakuu, mama alimshukia mdogo wake. Kwamba anataka kumwaibisha mbele ya wakwe, kwamba uvivu hajauacha tangu utotoni. Mjomba anakunywa maji yake tu.

Tukakaa mkekani kumenya, bibi harusi mzima na mimi nimo, kucha zote zimeharibika. Debe la kwanza likaisha. Tulichopata hakikufika hata theluthi ya debe. Nilitaka kulia, maana shangazi yake mume wangu alikuwa na mdomo, na kesho anakula kwetu.

Mama akavuta debe la pili, akauliza kwa hasira kwa nini hakuzimenya hukohuko.

Mjomba akajibu taratibu, "Dada, za kula ziliisha. Hizi nilikuwa nimeziweka za kupanda."

(Kwa wasiojua: karanga ya mbegu inatunzwa ndani ya ganda lake mpaka msimu. Ukiimenya mapema inaharibika.)

Mama aliitazama sinia ya karanga tulizokwisha kumenya.

"Funikeni hilo debe," akasema. "Litarudi Gairo."

Nitasema ukweli, moyo wangu ulikataa. Nilimpenda mjomba, lakini harusi ni yangu na chungu hakijai!

Mama akatuma watu waazime mizani ya duka la kijiji, ile ya sahani mbili. Sahani hii akaweka kopo la karanga, ile nyingine akamimina mbegu za maboga, maana hizo tulikuwa nazo tele. Kopo likaisha, mizani haijashtuka. Ikabidi aongeze nusu kopo ndipo zikalingana. Mama wa debe ni debe akabaki anaguna.

Basi kila kopo la karanga lililopungua, tukatia kopo na nusu la mbegu za maboga, na konzi moja juu kwa ajili ya makapi. Tukakaanga, tukatwanga, tukachekecha.

Kesho yake kisamvu kilikuwa kizito, kinanukia. Shangazi mwenye mdomo alirudia sahani, kisha akaja jikoni kuuliza tumetia nini. Nikapumua.

Mama hakumwomba mjomba radhi kwa mdomo, hana tabia hiyo. Ila mjomba alipokuwa anaondoka, mama alichukua khanga ya mkaja, ile mpya aliyopewa na wakwe zangu, hata hajaivaa. Akalifunga nayo lile debe, akajitwika mwenyewe, akateremka nalo mlima mpaka barabarani. Hakukubali mtu ampokee.

Funzo: kipimo cha kopo hakikuambii uzito, kila mbegu ina wake. Na ukiletewa kitu pungufu, uliza kwanza kimetoka wapi kabla hujafungua mdomo.

Haya, kwenu kopo la karanga mnalihesabu kilo ngapi? Na nani humu aliwahi kulishwa mbegu ya mtu bila kujua? Shusheni maoni, nipo nasoma.